Kazi ya Bibi iingie kwenye wasifu wake

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, mama zangu wa kamati za misiba, ndugu zangu nyote: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa walionizidi umri, shikamooni.

Tumeitwa tuzungumzie wasifu wa marehemu, na hasa wasifu wa bibi. Bibi huyu mnamjua. Amekula chumvi nyingi, amezaa, amelea wa kwake na wa wenzake, amehudumia mtaa mzima, halafu siku ya kumzika anasomewa dakika nne. Alizaliwa mwaka fulani, akafunga ndoa na marehemu mzee fulani, wakajaliwa watoto kadhaa. Baada ya hapo inaanza safari ya hospitali: alianza kusumbuliwa na miguu, akapelekwa zahanati, akapewa rufaa, akalazwa wodi fulani, hali ikabadilika usiku, na ilipofika saa kumi alfajiri akaitika wito. Ukishika saa mkononi utaona maradhi ya miezi mitatu yamesomwa kwa muda mrefu kuliko kazi ya miaka 60. Bibi anazikwa kama mgonjwa. Kazi yake inazikwa naye, na haikutajwa.

Sababu yake si ukosefu wa upendo. Wasifu unaandikwa usiku wa msiba, na mtu ambaye hajalala siku mbili, na anaandika anachokikumbuka vizuri, yaani zile wiki za kumuuguza. Halafu kuna suala la karatasi. Baba aliyefanya kazi reli au bandarini ameacha barua ya ajira, kitambulisho, stakabadhi ya pensheni. Anayeandika anafungua bahasha na tarehe zote zimo. Bibi hakuajiriwa na mtu. Kazi yake ilikuwa mikononi na kichwani, na usipomuuliza mwenyewe akiwa hai, au wenzake waliofanya naye, hakuna bahasha ya kufungua.

Mtazame Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2000. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa ngoma ya Bomba mjini Dar es Salaam. Mwaka 1955 alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, aliviendea vikundi vya ngoma vilivyokuwapo tayari, vyenye viongozi wao, michango yao na namna yao ya kupashana habari nyumba kwa nyumba. Wanawake wakaingia kwa maelfu. Sasa fikirini mtu angeandika tu kwamba "marehemu alipenda sana ngoma". Maneno manne yangefuta kazi yote. Kwa hiyo mkisikia ndugu wanasema bibi alipenda ngoma, msiandike "alipenda". Ulizeni alikuwa nani ndani ya hiyo ngoma. Alitunga? Alishika fedha? Alipatanisha waliogombana? Bi Kidude naye, aliyetutoka Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini Zanzibar ilimjua pia kama somo wa unyago aliyewafunda wasichana.

Tuanze na umri, maana ndipo wasifu nyingi zinapoharibika mapema. Bibi wengi wa rika hilo hawana cheti cha kuzaliwa, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho, hasa ikiwa ni 1 Januari, mara nyingi ni makadirio yaliyofanywa siku ya kujiandikisha. Msiisome kama tarehe ya kweli. Tafuteni kwanza daftari la ubatizo parokiani au usharikani kama alikuwa Mkristo, kisha kadi za ubatizo au za kliniki za watoto wake wa kwanza. Visipopatikana, kadirieni kwa matukio. Mradi wa karanga wa Kongwa na Nachingwea ulianza 1947. Uhuru ni 9 Desemba 1961. Azimio la Arusha ni 5 Februari 1967. Watu walihamishiwa vijijini kati ya 1973 na 1976. Vita vya Kagera ni 1978 hadi 1979.

Ukimuuliza bibi "ulizaliwa lini" atakujibu "mwanangu, sijui". Muulize hivi: siku bendera ya Uhuru inapandishwa, ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa na mtoto? Akikwambia alikuwa na mmoja mgongoni na mwingine anatembea, huyo wa kwanza alizaliwa 1958 au 1959. Sasa muulize aliolewa muda gani baada ya kuvunja ungo. Swali hili aulize mwanamke, mjukuu wa kike au mkwe aliyezoeana naye. Na kwa upole aulizwe kama kabla ya huyo wa kwanza kulikuwa na mimba iliyoharibika au mtoto aliyefariki mchanga, maana hesabu nyingi hupotea miaka miwili au mitatu hapo hapo. Kama aliolewa akiwa na miaka 16 au 17 na hakupoteza mimba, alizaliwa kati ya 1940 na 1943. Andikeni hivyo hivyo: "alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940". Hakuna aibu ndani yake.

Aibu iko kwenye kuongeza. Familia hupenda kutangaza kuwa bibi amefariki akiwa na miaka 110. Dakika tano baadaye anatajwa mtoto wake wa kwanza, mwenye miaka 58, amekaa pale mbele. Waombolezaji wanatoa kichwani: basi alimzaa akiwa na miaka 52. Kuanzia hapo hata ya kweli mliyoandika hayaaminiki tena.

Majina nayo yaandikwe yote. Bibi mmoja anaweza kuwa na jina la nyumbani, jina la ubatizo au la madrasa, jina la ukoo, na Mama Fulani wa mtaani. Jirani wa miaka 30 anamjua kwa Mama Fulani peke yake. Tangazo la kifo likitoka na jina la ubatizo tu, watu wake wenyewe wanapitwa na mazishi wakidhani amekufa mtu mwingine.

Sasa tufike kwenye kazi, na hapa naomba tukae kidogo.

Chukueni mchezo, au upatu kama wengine mnavyouita. Wasifu husema "alishiriki vikundi vya akina mama". Kauli hiyo haina uzito wowote. Kama bibi alikuwa kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo, andikeni kijumbe, na mwelewe ni kazi gani. Wanawake 10, kila mmoja anatoa shilingi 10,000 kwa wiki, kila wiki mmoja anaondoka na 100,000, na wiki ya kumi mzunguko umekwisha. Kwa mbali ni kitu chepesi. Lakini anayepokea wiki ya pili amekopeshwa na wenzake, na anayepokea wiki ya kumi amewawekea wenzake akiba bila riba. Yule wa wiki ya pili akihama chumba kabla ya wiki ya nne, amelipa wiki tatu tu na ameacha deni la wiki saba, shilingi 70,000, na hizo zinamwangukia kijumbe. Ndiyo maana kazi yake yote imo kwenye kupanga zamu: nani apewe mapema kwa sababu mtoto anaanza shule na anaaminika, nani mgeni akae mwishoni mpaka ajulikane, nani anaomba namba ya kwanza kwa sauti kubwa mno. Kijumbe aliyeendesha mizunguko miaka 20 bila mchezo kuvunjika alikuwa akijua hali ya kila nyumba mtaani na hakuisema kwa mtu. Wakati benki ilikuwa mbali, wengi walipata bati, cherehani na ada ya shule kupitia kwake. Muulizeni bibi: mlikuwa wangapi, mlitoa shilingi ngapi, mchezo uliwahi kuvunjika, na ulipovunjika ulilipaje? Jibu la swali la mwisho ndilo la kusoma makaburini.

Chukueni jikoni. Kila mtaa una bibi ambaye msiba ukitokea anatumwa mtoto amwite kabla hata ya turubai kufungwa. Akifika haulizwi, anauliza yeye: wageni wangapi, sufuria ngapi, maji yako wapi. Kwa watu 200 anahesabu kilo moja ya mchele kwa watu 8, kwa hiyo kilo 25, na hazipiki kwenye sufuria moja. Anazigawa mbili, na hakuna sufuria inayojaa kupita theluthi mbili, kwa sababu mchele ukirundikana sana wa chini unaungua na wa juu unabaki na kiini. Anajua pia jambo linalowashinda vijana wengi wanaopika vizuri majumbani mwao: kipimo cha maji hakikui sawasawa na mchele. Nyumbani kikombe kimoja cha mchele kinataka viwili vya maji. Kwenye sufuria kubwa mvuke unaopotea ni mdogo ukilinganisha na wingi wa mchele, basi kimoja na nusu kinatosha. Ukiweka viwili unapata bokoboko. Maji yakikaribia kukauka anapunguza kuni chini, anafunika, anapalia makaa juu ya mfuniko, halafu anakaa pembeni bila kufunuafunua. Kijana anayefunua kila baada ya dakika mbili anafukuzwa. Na kabla ya yote hayo, ameshatenga pembeni chakula cha wafiwa wenyewe, maana wao ndio husahaulika.

Hiyo ni elimu. Ina hesabu, ina sababu, na ilifundishwa kwa kutazamwa. Mkiandika "alikuwa mkarimu na alipenda kupika" mmeitupa. Andikeni kwamba kwa miaka kadhaa yeye ndiye aliyesimamia sufuria katika misiba na harusi za mtaa, na mtaje anayeshika mwiko sasa, ambaye alijifunzia kwake.

Kama alikuwa mkunga wa jadi, ulizeni kwa tahadhari. Idadi ya watoto aliowapokea huwa haijulikani, basi msibuni. Kinachopima ukunga wake vizuri zaidi ni wale aliokataa kuwashughulikia nyumbani: mzazi ambaye mtoto alitanguliza mkono, ambaye kondo la nyuma lilichelewa kutoka, ambaye damu ilizidi. Aliwapelekaje, kwa baiskeli, kwa machela, kwa gari la nani? Mkunga aliyejua mpaka wake aliokoa wengi kwa kuwakimbiza hospitali. Majina ya wazazi yasiandikwe kabisa. Siri hizo hazikuwa zake, na si zenu.

Kuna kazi nyingine za kuulizia ambazo vijana hawazijui kwa sababu zilikwisha kabla hawajazaliwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu vikundi vikundi mbele ya redio, wiki 12, wakisikiliza na kujadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kila kikundi kilihitaji mtu wa kukiendesha. Madarasa ya kisomo cha watu wazima miaka hiyo ya 1970 yalihitaji walimu wa kujitolea. Bibi anaweza kuwa mmoja wao, au anaweza kuwa yule aliyejifunza kusoma akiwa na watoto watano, akaandika jina lake mara ya kwanza hapo. Vyote viwili vistahili sentensi. Tazameni kama kuna kadi ya UWT, yaani Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ya kwaya, ya umoja wa wanawake wa kanisa, ya chama cha ushirika. Mara nyingi zimo chini kabisa ya sanduku la nguo, zimefungwa kwenye leso.

Haya yote yakusanywe lini? Akiwa hai, na akiwa na nguvu. Msisubiri alazwe. Asubuhi baada ya chai ndiyo saa nzuri, dakika 40 au saa nzima, zaidi ya hapo anachoka na anaanza kujibu ili mwondoke. Mpeni kazi ya mkononi, kuchambua mchele au kupukuchua mahindi, kwa sababu mtu aliyekalishwa kitako akakodolewa macho hasemi kitu. Simu ya kurekodi iwekwe karibu naye, juu ya kitambaa ili isipokee mgongano wa meza, na izimwe mtandao isije ikaita katikati. Mkimaliza, siku hiyo hiyo nakili faili kwenye simu ya pili. Simu huibiwa na huanguka majini. Msimwambie "tuelezee maisha yako". Swali pana namna hiyo linamkosesha pa kuanzia. Muulizeni: nyumba ya kwanza uliyoolewa, mlango ulitazama wapi? Maji mlichota wapi? Nani alikufundisha kuhifadhi maharage kwa majivu? Mkunjulieni kanga zake moja moja. Kanga hukumbusha harusi ya nani, mwaka gani, nani aliinunua. Na kila mara mwisho wa mazungumzo muulizeni: ni lipi kati ya haya lisisomwe? Akilitaja, mlifute mbele yake.

Tuje kwenye familia, ambako wasifu unaweza kuwasha moto. Wajukuu wasihesabiwe kwa kichwa na mtu mmoja. Kila mtoto wa marehemu alete orodha ya nyumba yake kwa maandishi, halafu zijumlishwe. Watoto waliotangulia mbele za haki watajwe: "alijaliwa watoto 9, watatu wametangulia, 6 wapo". Mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, watoto wa mke mwenza aliowalea, yatima aliowachukua, wote hao huachwa kwa kimya kimya, na kimya hicho husikika uwanja mzima. Jioni ya kabla ya mazishi keti na ndugu wa tumbo moja wa marehemu aliye mkubwa kuliko wote waliobaki, na mmoja kutoka kila nyumba. Someni wasifu wote kwa sauti. Anayepinga apinge hapo hapo, si kesho kwenye kipaza sauti.

Na jambo hili tafadhali lishikeni: mali isiguswe. Msiandike "ameacha shamba la ekari tatu na nyumba ya vyumba vinne". Mtu aliyesikia kaburini atakuja kulitumia kwenye kikao cha ukoo kana kwamba ni wosia. Mirathi ina mahali pake, msimamizi wake na mahakama yake. Mnaweza kusema alilima mahindi na mbaazi mpaka akiwa na miaka 75. Shamba ni la nani msiseme.

Uandishi wenyewe hautupi shida sana. Kurasa mbili za A4, maneno kama 700, zinasomwa dakika saba kwa mwendo wa msibani, na watu wanaosimama juani hawataki zaidi. Kuzaliwa na malezi aya moja, ndoa na watoto aya moja, kazi na huduma nusu nzima ya maandishi, dini aya moja. Maradhi yapewe sentensi mbili: aliugua tangu lini, na alifariki lini, wapi. Jina la ugonjwa si lazima, na lawama kwa waliomtibu hapo si mahali pake. Msiandike kuwa hakuwahi kugombana na mtu; aliyegombana naye amesimama mstari wa tatu. Andikeni kwamba alikuwa mkali na alikuwa wa kwanza kubisha hodi kuomba radhi, kama ndivyo alivyokuwa.

Herufi ziwe kubwa, ukubwa wa 16. Sentensi isikatwe kati ya kurasa mbili, na kurasa ziandikwe namba, kwa sababu upepo makaburini haumjali mtu. Msomaji asiwe mtoto aliyemuuguza. Huyo sauti itakatika kwenye mstari wa tatu. Achaguliwe mpwa au mjukuu mkubwa, asome mara mbili nyumbani kwa sauti, na awepo wa pili pembeni mwenye nakala yake, tayari kupokea pale alipoishia. Majina ya vijiji na koo aulizie matamshi mapema.

Kwa ndugu zetu Waislamu, maziko huwa ya haraka na wasifu mrefu hauna nafasi pale. Basi kazi hii iwekwe kwenye hitma au arobaini, na kuna faida yake: mnazo siku za kutosha za kuwatafuta wenzake wa mchezo, wa ngoma na wa jikoni wakawaeleza yale ambayo watoto hawakuyaona.

Baada ya kusoma, pigeni nakala tano angalau. Moja kwa kila tawi la ukoo, moja kanisani au msikitini kama wanapokea, moja ibaki kwenye lile sanduku lake pamoja na kadi zake. Ukurasa wa mwisho uachwe nusu mtupu. Siku ya arobaini watakuja watu kutoka mbali ambao hamkuwajua, mmoja atasema bibi alinilipia ada, mwingine atasema alinipokea usiku nilipofukuzwa kwa mume. Muwe na kalamu, muwaulize mwaka na mahali, na muandike pale pale.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.